Shajara ya mchoro: Jambiani wakati wa magharibi, jua likiwa mgongoni

Kazi yenyewe

Ni mchoro wa rangi za mafuta, sentimita 60 kwa 90, wa ufukwe wa Jambiani dakika chache baada ya adhana ya magharibi. Ndani yake hamna jua. Naliweka hili mwanzo kabisa kwa sababu kila niliyemweleza ameniuliza jua nitaliweka wapi.

Jambiani iko mashariki ya Unguja. Huko jua hutoka baharini asubuhi na jioni likazama nyuma ya minazi na nyumba. Zile picha za jahazi jeusi mbele ya duara jekundu zinazouzwa Mji Mkongwe si za uongo: ukikaa Forodhani unatazama magharibi, na jua linatumbukia majini mbele ya macho yako. Tatizo ni kwamba picha hizo hizo zimetundikwa Paje, Bwejuu, Bagamoyo mpaka Nyali ya Mombasa, fukwe ambazo zote zinatazama mashariki. Mtu aliyezaliwa huko akazeekea huko hajaliona jua likizama kwenye bahari yake hata siku moja. Nataka kuchora magharibi anayoiona yeye.

Na anachokiona si kidogo. Jua likishazama, chini kabisa upande wa mashariki, palepale bahari inapokutana na mbingu, hupanda mkanda wa buluu iliyoingia kijivu. Hicho ni kivuli cha dunia yenyewe, kinaangukia hewa. Juu ya kivuli kuna mkanda mwingine, wa waridi: hewa ya juu bado inapigwa na mwanga wa jua ambalo sisi huku chini hatulioni tena. Kadiri jua linavyoshuka, kivuli kinapanda na kuusukuma waridi juu, mwisho vyote vinayeyuka kuwa usiku. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua letu linashuka karibu wima, na mambo yote hayo, tangu adhana mpaka huoni tena mistari ya kiganja chako, ni dakika ishirini na kitu tu. Kaskazini mwa Ulaya wakati wa kiangazi wenzetu wanapewa muda mara mbili na zaidi. Wachoraji wa huko wana raha zao.

Kuchagua siku

Huwezi kusema tu "nitakwenda Jumamosi". Ufukwe wa Jambiani ni mpana na bapa, na sura yake inategemea maji yako wapi. Upande huu wa Unguja, siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu kuliko siku nyingine, hujaa alasiri, saa kumi au kupita kidogo. Kufika magharibi yameshatoka kwa saa mbili na zaidi, yameacha nyuma yake mchanga uliorowa, laini, unaoshika rangi ya mbingu. Siku za maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo tu, mambo ni mengine: magharibi inakuta maji yako mbali yanaanza kurudi polepole, na mbele yako kuna madimbwi na majani ya bahari. Nayo ni picha, lakini si hii.

Bamvua ziko mbili kila mwezi, ya mwandamo na ya mwezi mpevu. Ya mwezi mpevu nimeikataa. Mwezi huo huchomoza mashariki wakati uleule jua linapozama, ndani ya mkanda uleule ninaoufuata, na ukishauchora hakuna atakayetazama kitu kingine. Nimechukua bamvua ya mwandamo, siku mbili tatu za mwanzo wa mwezi, mashariki ikiwa tupu.

Watu pia siwaweki, na hii nayo inatokana na maji. Wanawake wa mwani huingia shambani maji yakiwa yametoka sana, na siku za bamvua hiyo ni asubuhi. Kilimo hicho kilianza kibiashara pwani hii mwaka 1989, na leo ni vigumu kupata picha ya Jambiani isiyo na mama mwenye gunia kichwani. Lakini magharibi ya bamvua vijiti vyao vya kufungia mwani viko chini ya maji na wenyewe wako jikoni. Nikiwaweka, mtu wa Jambiani atajua papo hapo kwamba mchoraji hakuwepo.

Msimu: mwisho wa kaskazi. Hewa kavu, upepo unaokufa jioni, na muda wa kutosha wa rangi kukauka kabla masika hayajaingia.

Fremu na kitambaa

Fundi seremala amenikatia mbao za fremu, kona za digrii 45, na mti mmoja wa katikati usiruhusu fremu kujipinda. Kitambaa ni marekani, ile nguo nzito isiyotiwa dawa ya kung'arisha. Katika karne ya 19 ililetwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, na jina likabaki. Kwa miaka mingi ndiyo iliyoshonwa matanga, kwa hiyo bahari inaijua.

Nimeivuta kutoka katikati kwenda kwenye kona, pande zinazotazamana kwa zamu, mpaka ukiigonga kwa kidole inalia. Kisha mkono mmoja, yaani tabaka moja, wa gundi ya mbao iliyopunguzwa kwa maji. Mkono huu usirukwe: mafuta ya kitani yakigusa pamba moja kwa moja huila taratibu, na baada ya miaka kitambaa kinakatika kama karatasi. Juu ya gundi nimepaka praima ya akriliki mikono mitatu, msasa mwepesi katikati ya kila mkono. Mkono wa mwisho nimeutia umba kidogo, ile rangi ya kahawia ya udongo, ukawa rangi ya biskuti. Magharibi ukianza na kitambaa cheupe kila rangi itaonekana nyeusi mno, na utaishia kuchora saa nane mchana.

Mtu akiingia duka la vifaa vya ujenzi akaomba rangi ya mafuta atapewa ya geti. Nayo ina heshima yake: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia enameli juu ya ubao, na kutoka kwake ikazaliwa shule nzima ya uchoraji. Ila enameli hukauka haraka na kung'aa, haikubali kuchezewa ikiwa mbichi, na mkanda wangu unataka kuchezewa. Rangi zangu za tyubu ameniletea binamu anayefanya kazi Muscat: nyeupe ya titani, buluu ya ultramarini, buluu ya kobalti, nyekundu ya alizarini, oka ya njano, umba iliyochomwa. Sita zinatosha. Nyeusi sikuiagiza, ultramarini na umba zikichanganywa zinatoa giza lenye uhai kuliko nyeusi ya tyubu.

Bamvua ya mwandamo: kuziandika rangi

Nimefikia kwa shangazi. Daladala ya 309 kutoka mjini, fremu imefungwa juu na magunia ya mchele.

Kuchora palepale gizani hakuwezekani, na si kwa sababu mkono hauoni. Jicho lenyewe linabadilika. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkyně aliliona hili mwaka 1819: mwanga ukipungua, nyekundu hufa mapema na buluu hubaki. Nimelishuhudia kwenye ngalawa iliyotia nanga mbele ya nyumba ya shangazi. Ubavuni ina mistari miwili, mwekundu juu, wa buluu chini. Adhana ikiadhiniwa mwekundu ndio unaoonekana kwanza, unaita. Watu wakitoka msikitini umekuwa mweusi kama lami, na ule wa buluu, ambao mchana hata hukuujali, unaelea peke yake pembeni mwa chombo. Ukiwasha tochi uone ubao wako wa rangi, jicho linarudi kwenye hali ya mchana na yote hayo yanapotea.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Alasiri, kukiwa na mwanga, nachanganya vilima vidogo vya rangi ninazotarajia, kila kimoja na herufi yake. Jua likizama nachota kwa ncha ya kisu cha rangi, nakinyoosha kisu mbele ya mbingu, jicho moja limefumbwa, na kuangalia kama rangi inapotea ndani ya mbingu au inakaa juu yake. Ikipotea, ndiyo. Isipopotea natamka kwenye simu: "B imezidi waridi, itiwe oka." "D bado nyepesi." Whistler, yule mchoraji Mmarekani aliyeishi London, aliutazama mto Thames usiku, akaupa mgongo, kisha akautaja kwa sauti kitu kimoja kimoja mpaka aukariri, na kesho yake akauchora nyumbani. Mimi nina simu, sihitaji kukariri sana, lakini nimeona kukitamka kitu kunakulazimisha ukitazame. Huwezi kusema "mbingu nzuri" ukaacha hapo. Simu itakuuliza kesho nzuri vipi.

Kilichonishangaza kwenye maelezo yangu: tofauti ya giza na mwanga baina ya mkanda wa kivuli na bahari iliyo chini yake ni ndogo mno, pengine hatua moja kati ya kumi. Kinachotenganisha mbingu na maji ni mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani, mbali huko. Bila mwamba ule, bahari na mbingu zingekuwa kitu kimoja. Na ndio huo huo unaofanya ufukwe uwe kimya: bahari kuu inamalizia hasira zake kule, huku ndani maji yanaingia na kutoka bila kelele.

Mzee mmoja mvuvi amenikuta na simu mkononi naongea peke yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Wazungumza na nani?"

Nikamwonyesha rangi zangu zenye herufi. Akazitazama kwa adabu, kisha akaitazama ngalawa. "Hiyo utaichora?"

"Nataka."

"Basi ngoja upepo ufe. Upepo ukiwepo chombo chafuata upepo. Ukifa, chafuata maji. Na sasa maji yatoka, kwa hiyo omo itakutazama wewe."

Hakukosea. Haukupita muda ngalawa ikazunguka taratibu kwenye nanga yake, omo, yaani pua ya chombo, ikaelekea ufukweni, mirengu, ile miti ya kukingama, imetanuka huku na huku na ndubi zake mbili, vielea vya pembeni, zimekaa juu ya maji. Hapo ndipo nilipokata shauri kuichora kwa mbele. Wengi huichora kwa ubavu kwa sababu tanga linapendeza, lakini chombo kilichokutazama kinampa mtazamaji mahali pa kusimama: anajua maji yanakwenda wapi hata kama hajui kwamba anajua.

Maji mafu: tabaka la chini

Siku hizi ufukweni hakuna ninachokihitaji, nimekaa barazani nafanya kazi.

Upeo wa bahari nimeuweka theluthi moja kutoka chini, nikaupiga kwa rula. Bahari ikipinda hata milimita mbili mtu anahisi maji yanamwagika. Juu yake tabaka la kwanza, umba na ultramarini zilizolegezwa kwa tapentaini, kuonyesha tu wapi pazito na wapi pepesi. Umba ina manganizi ndani yake, hukauka upesi, ndiyo maana inafaa kutangulia. Kanuni ni kwamba tabaka la chini liwe konda na la juu liwe nono kwa mafuta. Ukigeuza, la juu litakauka kwanza juu ya kitu ambacho bado kinatembea, na utapata nyufa.

Jambo la usalama, kwa anayefikiria kujaribu: vitambaa vya kufutia vyenye mafuta ya kitani msivifinyange mkavitupa pembeni. Mafuta haya hayakauki kwa kupoteza maji, yanakauka kwa kuvuta oksijeni, na yanapovuta hutoa joto. Donge la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vyangu nimevitosa kwenye kopo la maji lenye kifuniko, na shangazi ameambiwa lile kopo si la kutupiwa maganda.

Mkanda

Hii ndiyo kazi. Mengine yote yanafanyika kwa ajili yake.

Mbingu yote lazima ipakwe kwa kikao kimoja, mbichi juu ya mbichi, kwa sababu rangi zake hazina mipaka. Nimeanza asubuhi mapema. Juu kabisa kobalti na nyeupe, imepunguzwa makali kwa oka kidogo. Inaposhuka inapata alizarini, chembe kwa chembe. Alizarini ni kali, ukitia kipande cha ukubwa wa punje ya mtama inageuza kilima kizima. Waridi wenyewe si wa pipi. Ukiuchukua peke yake ubaoni unaonekana kama vumbi, una oka ndani yake. Unakuwa waridi kwa sababu umekaa juu ya kijivu cha buluu. Chini yake kivuli: ultramarini, nyeupe, na umba kidogo.

Kisha brashi pana kavu, ya manyoya laini, isiyo na rangi hata tone. Napita kwa ulalo kutoka kushoto kwenda kulia bila kubonyeza, naifuta, narudi. Pale waridi unapokutana na kivuli nimepita mara nyingi kuliko kwingine kote, kwa upana wa vidole vitatu, mpaka ukisogea karibu huoni unapoanzia. Ukirudi hatua nne unauona.

Mchana shangazi akasimama mlangoni na chano cha mchele anachambua. "Mvua hiyo yaja?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Mkanda wa kijivu juu ya bahari, kwa mtu wa pwani, ni mvua. Na tofauti ipo: wingu la mvua lina matumbo, lina sehemu nzito na sehemu nyepesi, na chini yake maji huwa meusi. Kivuli cha dunia kinakwenda sawa kutoka pembe hii mpaka ile, na chote kimejipinda kidogo sana, katikati juu, pande mbili chini. Rangi ilikuwa bado mbichi. Nikausawazisha mkanda, nikaupa huo mpindo, na nikaifanya bahari ya chini yake iwe nyepesi zaidi. Jioni nikamwita atazame tena. Akatazama mchoro, akatazama nje, akasema, "Aa. Hicho." Kumbe anakijua siku zote, hakuwahi tu kuwa na haja ya kukisemea.

Bahari na mchanga

Mchana bahari ya Jambiani ni feruzi kwa sababu mwanga unaingia, unagonga mchanga mweupe wa chini na kurudi. Magharibi feruzi hamna. Maji ya mbali unayatazama kwa mshazari mkali, yanakurudishia mbingu tu. Ya miguuni unayatazama kwa juu, unaona ndani. Ukilikamata hilo, bahari inalala chini yenyewe: mbali nimeweka waridi ulionyamazishwa, na kadiri maji yanavyokaribia nimetoa waridi na kutia umba na oka, mpaka kwenye ukingo ni kijivu cha mchanga chenye utepe mwembamba wa mwanga.

Mchanga uliorowa nimeupaka kwa mapigo ya wima, kisha nikayavunja kwa pigo moja moja la ulalo. Wima hutoa kioo, ulalo hutoa ardhi. Mchanga mkavu wa mbele nimeuacha mzito, wa rangi ya vumbi, bila kitu. Kuna aliyeniambia hapo panataka kombe au nyayo. Hapataki.

Mstari wa mwamba: nyeupe ya titani yenye chembe ya oka, imechotwa kwa ukingo wa kisu na kuguswa juu ya upeo, kavu, ikatikekatike. Pigo moja kutoka kulia. Nyeupe hiyo ndiyo mahali penye mwanga zaidi kwenye mchoro mzima, na hata hivyo ukiiweka kando ya karatasi safi utaona ni kijivu.

Mwezi mpevu: ngalawa

Bamvua ya pili imeingia na mwezi wake, mkubwa, umechomoza pale pale nilipoogopa. Wageni wote ufukweni wametoa simu. Nimetumia siku hizi kwa ngalawa peke yake, maana maji yako sawa na yale ya mwanzo wa mwezi na chombo kinakaa vilevile.

Ni ndogo kwenye mchoro, haizidi upana wa kiganja. Gogo lake la mwembe linaonekana kama alama moja nyeusi yenye tumbo; mirengu ni mistari miwili ya brashi namba 1; mlingoti umeinama kidogo mbele, na foromali, mti unaobeba tanga, imeteremshwa. Mstari mwekundu wa ubavuni nimeupaka umba na alizarini, karibu mweusi. Wa buluu nimeuacha ultramarini na nyeupe, mkali kuliko inavyostahili kwa hesabu, lakini ndivyo jicho linavyouona saa ile. Kwa ngalawa iliyotazama mbele, mistari yenyewe ni vipande viwili vya urefu wa kucha. Ndivyo vilivyonichukua muda zaidi baada ya mkanda.

Mteja

Mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni aliposikia nachora Jambiani alitaka kuichukua kazi hii ikiwa bado mbichi, kwa ajili ya ukuta wa mapokezi. Akaja, akatazama, akasema imetulia, ila wageni wanapenda jua. Ningeweza kuongeza duara dogo tu, pale kwenye waridi? Nikamwambia pale ni mashariki. Akasema mgeni hajui. Kweli, lakini mhudumu wa mapokezi ni wa Jambiani, na ndiye atakayekaa nayo kila siku. Tumeachana vizuri, nimempa namba ya kijana wa Shangani, Mji Mkongwe, anayechora machweo safi kabisa, na ya kwake jua liko mahali pake.

Ilipofikia

Mchoro umerudi mjini, umesimama chumbani penye mwanga wa dirisha. Msizifunge rangi za mafuta gizani zikiwa mbichi, kitani hugeuka njano. Umba na ultramarini zimeshakauka kwa kugusa. Kilima cha alizarini kwenye kona ya waridi bado kinanata. Masika yameanza kunukia, kwa hiyo nimeuweka mbali na ukuta ili hewa ipite nyuma na ukungu usipande kwenye marekani.

Kabla ya vanishi isipungue miezi sita. Kwa sasa imebaki sahihi, na uamuzi kuhusu utepe wa mwanga kwenye ukingo wa maji, ambao upande wa kushoto naona umenyooka mno. Nitaukata kwa kisu. Fremu nyingine fundi ameshaianza, ndefu na nyembamba, 40 kwa 120: mahali palepale, siku za maji mafu, madimbwi na majani ya bahari. Shangazi kashasema safari hiyo anataka chumba chake kisinuke tapentaini.